Mtoto wa Mwenye Boma

Baba yangu alizaliwa miaka minne baada ya baba yake kuzikwa. Ndivyo vyeti vinavyosema, na kwetu Uriri hakuna anayeshangaa. Aliyeshangaa ni karani wa dirisha la tatu katika ofisi ya usajili. Alishika cheti cha kuzaliwa cha baba kwa mkono mmoja na cheti cha kifo cha babu kwa mkono mwingine, akavitazama kwa zamu, kisha akacheka mpaka akalaza paji la uso mezani. Alipopata pumzi akamwita mwenzake wa dirisha la pili aje ajionee.

"Madam," akaniambia akifuta macho, "huyu marehemu alikuwa na bidii."

Watu wa foleni nyuma yangu wakacheka pia, hata mama mmoja aliyebeba mtoto mgonjwa. Nimefundisha kemia na hesabu miaka tisa na nimeshaona utovu wa adabu wa kila aina, lakini siku ile nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia karani kwamba mtu anayemcheka ni babu yangu.

"Pole, madam. Lakini hii haiwezi. Unataka jina la baba itoke, ingine iingie? Hiyo ni ya court. Hapa system itakataa."

Nikakusanya karatasi zangu. Nje, penye pikipiki za bodaboda, nilimtukana kwa lugha tatu, kwa sauti ya chini, kwa sababu mwalimu hajui ni mzazi gani anapita. Kilichoniuma zaidi ni kwamba cheti kile cha kifo nilikibeba mimi mwenyewe, nikakipitisha chini ya kioo kama mtu anayetoa karata ya ushindi. Nilikuwa nimekwenda kuthibitisha kwamba babu yangu si babu yangu.

Niseme nilifikaje hapo. Mimi ni mwalimu wa bodi. Asiyejua maana yake na ashukuru. Ni mwalimu anayeajiriwa na shule, si na serikali, muhula kwa muhula, na anaweza kuambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu asije. Kila mwaka nimepeleka vyeti vyangu kwenye usaili, kila mwaka nimeambiwa ningoje. Mwaka jana serikali iliajiri walimu wapya, na mmoja wao akaletwa shuleni kwetu awe mkuu wa idara ya sayansi. Nilimfundisha mimi. Nilimfundisha kusawazisha milinganyo ya kemia akiwa kidato cha pili, na alikuwa mzito kweli kweli. Siku ya kwanza aliniamkua kwa heshima zote, akaniita mwalimu wangu, halafu akanigawia vipindi.

Nilikwenda maabara, nikafunga mlango, nikakaa kati ya chupa za asidi nikiwa nimechemka kuliko kitu chochote kilichowahi kuchemshwa mle ndani. Ndipo nilipotoa simu na kuanza kusoma habari za Ireland.

Kwa nini Ireland? Kwa sababu ya yule mzungu. Kwetu habari zake zilijulikana bila kuzungumzwa. Kabla ya Uhuru kulikuwa na machimbo ya dhahabu na shaba upande wa chini wa Migori, na fundi wa mashine za kuvuta maji kutoka mashimoni alikuwa mtu wa Ireland. Nyanya yangu, mzaliwa wa Rangwe aliyeolewa Uriri, alikuwa mjane. Mumewe alikufa kwa ugonjwa wa kifua kabla ya kupata mtoto wa kiume. Nyanya alikuwa akiuza nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, penye lango la machimbo. Shemeji zake walitaka mmoja wao amrithi, kama desturi ilivyo. Akawaambia ana macho, atachagua mwenyewe. Akachagua fundi wa mashine. Baba akazaliwa ana macho ya kijivu na ngozi iliyoiva kwa jua kabla hajatambaa.

Machimbo yalipofungwa, fundi akafunga mizigo yake akaenda zake. Aliandika barua moja, kisha kimya hadi leo.

Na sheria ya Ireland, niliyoisoma kwenye simu kati ya zile chupa, inasema kwamba ukiwa na babu au nyanya aliyezaliwa katika ardhi yao, unaweza kuomba jina lako liingizwe katika daftari la waliozaliwa ugenini, na likiingizwa tu wewe ni raia. Wanachotaka ni mnyororo wa karatasi. Cheti cha kuzaliwa cha babu. Cheti cha mzazi chenye jina la babu huyo. Cheti chako chenye jina la mzazi huyo. Nilisoma mara tatu. Nilijiambia kwamba mtu yule hakutuachia hata kijiko, basi angalau atatuachia hiki.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Rangwe kwa mdogo wake nyanya, ambaye sisi sote tunamwita Dani, ndiyo nyanya kwa Kijaluo. Ana zaidi ya miaka themanini na bado anauza sweta za mitumba sokoni. Nilimwambia nimekuja kuulizia barua ya mzungu.

"Umekosa mume, sasa unatafuta nchi?" akasema.

"Dani, niambie tu kama barua ipo."

"Ipo. Dada yangu aliniambia niiweke, shemeji zake wasije wakaichoma." Akakunja sweta moja, akaikunja tena. "Yule mtu alikuwa na miguu mirefu, na hakujua kula samaki. Miiba ilikuwa inamkaba kila siku. Mimi nilikuwa namcheka, dada yangu ananipiga."

Barua ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kopo la majani ya chai, chini ya kitanda chake. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Aliandika kwa Kiswahili cha kambini, kibovu lakini chenye kueleweka. Alitaja mji alikozaliwa na ambako amerudi. Alisema kuna mvua nyingi. Alimsalimu mtoto wetu wa kiume, kwa maneno hayo hayo, mtoto wetu wa kiume. Na katika mstari wa nne aliuliza kama mtoto amekua mguu, akaomba mguu uchorwe kwenye karatasi, uchorwe wote mpaka vidole, ili atume viatu.

"Tulichora," Dani akasema. "Kalamu ya risasi nilishika mimi. Baba yako alikuwa na miaka sita. Alisimama juu ya karatasi hata hapumui, anaogopa kuharibu. Tukatuma."

"Na viatu?"

Dani alinitazama juu chini, akalisukuma kopo chini ya kitanda.

Nilirudi Migori na barua ile kifuani, nimekasirika kiasi kwamba kondakta aliniuliza kama nimefiwa. Lakini hasira ya aina ile inasukuma kazi. Niliandika kwa ofisi ya vizazi ya huko Ireland nikataja jina la mtu na mji. Mwezi haukwisha, cheti chake kikaja kwa posta. Kilikuwa safi, chenye muhuri, chenye jina la mama yake na kazi ya baba yake. Mtu aliyezaliwa katika mji wa mvua kabla ya vita vya pili, karatasi yake imekaa mahali pake ikingoja aulizwe. Changu mimi, niliyezaliwa hospitalini mchana kweupe, kilichukua miezi saba kupatikana.

Kisha nikatoa cheti cha baba kwenye bahasha. Mahali pa jina la baba mzazi palikuwa na jina la marehemu, mume wa nyanya. Nilikuwa nalijua siku zote. Nililitazama kama mtu aliyekanyaga reki aliyoiacha mwenyewe uani, kwa sababu fomu ya cheti kile niliijaza mimi.

Nilikuwa chuo, nimekuja nyumbani likizo. Shamba lilikuwa bado lina jina la marehemu, na baba alitaka liandikwe jina lake. Korti ilidai cheti cha kuzaliwa, na baba hakuwahi kuwa nacho. Korti ilidai pia barua ya chifu inayotaja warithi. Nikapewa fomu za cheti kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Nilipofika kwenye jina la baba sikuinua hata kichwa kuuliza. Nani angeuliza? Mwenye boma ni mwenye boma. Mjane akibaki katika boma la mumewe, kila mtoto atakayemzaa humo ni wa mumewe, awe amekufa jana au miaka kumi iliyopita. Aliyemsaidia kuzaa ni msaidizi tu. Niliandika jina la marehemu kwa herufi kubwa, nzuri, zilizonyooka, nikaenda kula.

Chifu alikuja siku mbili baadaye kuuliza warithi ni kina nani. Wana wa kaka wa marehemu walikuwa wamekaa upande mmoja, baba upande mwingine. Mkubwa wao akasimama. Akasema hana ubaya na mtu, lakini mtoto wa mzungu hawezi kurithi shamba la baba zao, na kama kuna asiyeona kwamba huyu ni mtoto wa mzungu basi apelekwe kwa daktari wa macho. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Tangu utotoni aliitwa odiero, yaani mzungu, shuleni, sokoni, kanisani, na nadhani alijua siku moja neno hilo lingemfuata mpaka shambani.

Chifu akamgeukia nyanya. "Mama, wewe ndiye unayejua. Mtoto ni wa nani?"

Nyanya alikuwa amekaa kwenye mkeka. Aliinuka kwa shida, akapita katikati ya wanaume wote wale bila kuomba njia, akaenda mpaka kwenye kaburi la mumewe lililokuwa kando ya nyumba. Akaweka kiganja juu ya saruji.

"Aliyenitolea ng'ombe ni huyu," akasema. "Nyumba ni ya huyu. Mtoto ni wa huyu."

Basi. Sijawahi kuona kesi iliyokwisha upesi namna ile. Yule mkubwa, aliyekuwa amesimama, akatikisa kichwa akasema ni kweli, akakaa. Chifu akaandika. Nyanya alifariki mwaka uliofuata na amelala kando ya mumewe. Baba alipata shamba, akaanza kulima miwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akipiga mluzi.

Vyeti nilivituma hivyo hivyo, ndiyo maana ofisi ya Ireland iliponiandikia nilijua jibu kabla ya kufungua. Walikuwa na adabu ya kuudhi. Walinishukuru kwa kuwasiliana nao. Walisikitika kunijulisha kwamba baba aliyeandikwa katika cheti cha mzazi wangu si mtu niliyemtaja kuwa babu, na wakaniomba niwasilishe cheti kilichosahihishwa ama amri ya mahakama. Wakanitakia siku njema. Nilitamani wangenitukana. Niliandika jibu refu la kueleza mjane ni nani na boma ni nini, nikalisoma, nikaona kwamba hata mimi nisingelielewa kama ningekuwa nimekaa kwenye mvua ya huko, nikalifuta. Kesho yake nikaenda dirisha la tatu, na hayo nimeshayasimulia.

Kutoka dirishani nilikwenda kwa wakili. Ni mwanamke tuliyesoma naye, ana ofisi Homa Bay juu ya duka la dawa za mifugo. Alisoma barua ya mzungu, akasoma vyeti, hakucheka, na kwa hilo nitamshukuru daima. Alisema inawezekana kujaribu. Baba ataapa hati ya kiapo kwamba marehemu si baba yake mzazi. Dani wa Rangwe ataapa kwamba alimjua mzungu. Barua itaambatanishwa. Tutaomba korti itamke, na cheti kitasahihishwa.

"Na shamba?" niliuliza.

Akavua miwani. "Shamba alilipata kama mtoto wa marehemu. Akishaapa yeye si mtoto wa marehemu, wale wenzake wanaweza kurudi kortini na kiapo chake mkononi. Hawatahitaji kutafuta ushahidi mwingine. Utakuwa umewaandikia kesi."

"Wamezeeka. Hawana neno siku hizi."

"Wana watoto," akasema.

Nilimsikia vizuri. Ningependa kuandika hapa kwamba nilifikiri, nikasita, nikaomba siku mbili. Sikusita. Nilimwona yule mkuu wa idara akinigawia vipindi, nikamwambia wakili achape.

Karatasi ilipotoka kwenye mashine niliisoma palepale. Ilianza kwa jina la baba, majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, na la tatu ni la marehemu. Mimi fulani, mwana wa fulani, naapa kwamba fulani huyo si baba yangu. Nikamuuliza wakili kama hilo halina shida. Akasema kisheria halina shida yoyote, baba hana jina lingine la kutumia. Nikaikunja nikaitia kwenye mkoba.

Nilifika Uriri Jumamosi adhuhuri. Mimi niliyelelewa katika Usabato, nikasahau siku. Baba alikuwa ametoka kanisani, amekaa barazani na kofia yake pana ya majani kichwani, kwa sababu hata kivulini jua humtafuta. Masikio yake yana vidonda visivyopona. Daktari amemwambia aache kazi ya shamba, na baba akamuuliza daktari kama ana shamba lisilo na jua.

"Karibu, Mama," akasema.

Baba huniita Mama. Nilipewa jina la nyanya, na kwetu anayepewa jina la mama yako ni mama yako, hata kama umemvisha nepi wewe mwenyewe. Nilipokuwa mdogo alinisalimu asubuhi kwa kuinama kidogo, na aliponichapa aliniomba msamaha baadaye kwa sababu amemchapa mama yake. Nimeshazoea kiasi kwamba silisikii tena neno hilo.

Nikatoa karatasi. Hakuipokea.

"Leo ni Sabato. Mambo ya serikali yatangoja."

Nikangoja, nimekunja uso. Jumapili asubuhi nilimkuta nje akichimba mashimo ya nguzo upande wa makaburi, kwa sababu ng'ombe walikuwa wameanza kujikuna kwenye saruji. Nilimweleza yote nimesimama. Nilimweleza Ireland, daftari, mnyororo wa karatasi, barua iliyokuwa kwenye kopo la Dani, kazi nitakayopata, jinsi nitakavyowatunza. Shamba sikulitaja. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na hoja saba, nimezipanga kama mpango wa somo.

Baba alipokea karatasi, akavaa miwani yake, ambayo mkono mmoja umeshikwa kwa uzi, akasoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

"Mama, hapa inasema mwenye boma si baba yangu."

"Ni ya kortini tu, baba."

"Ya kortini tu." Akakung'uta udongo uliokuwa umeanguka kwenye karatasi. "Na ile kesi ya shamba ilikuwa ya wapi?"

Nikageuka kuwatazama ng'ombe.

"Na nikifa, mtanizika wapi? Kwa mzungu?"

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimpigia baba yangu kelele, mimi mtu mzima, mbele ya makaburi mawili, Jumapili asubuhi, majirani wakisikia. Nilisema kwenu kila kitu ni kaburi, ukiuliza kazi kaburi, ukiuliza shamba kaburi, mimi niko hai, baba, niko hai na ninaoza! Nilisema miaka tisa nimefundisha watoto wa watu wakapata kazi mimi nikiwapungia mkono. Nilisema mtu yule alikupa nini, alikupa ngozi inayobabuka, alikupa jina la kuchekwa, kwa nini tusichukue kitu kimoja tu kutoka kwake, kimoja! Nilisema mengine ambayo siyaandiki. Zile hoja saba sikuzikumbuka hata moja.

Baba aliniacha nikamaliza. Kisha akavua kofia, jambo ambalo hafanyi juani, akakaa juu ya rundo la nguzo.

"Niliwahi kusimama juu ya karatasi kwa ajili ya mtu huyo," akasema.

Nilikuwa nimesahau kwamba anakumbuka. Nilidhani habari ya mguu ni ya Dani, imekaa kwenye kopo pamoja na barua.

"Nilikuwa nakwenda posta na mama kila mwisho wa mwezi. Mwaka mzima. Halafu mama akasema mguu umeshakua, hata vikija havitaingia. Tukaacha kwenda." Akanyoosha mkono. "Lete kalamu."

"Baba, ngoja kwanza."

"Lete, Mama."

Nikampa. Aliweka karatasi kwenye goti, akatafuta mstari wa sahihi kwa kidole. Halafu akainua macho yale ya kijivu akaniangalia, na hakuwa ananichokoza, ningejua. Alikuwa ananiuliza.

"Mimi siku ya kuzaliwa sikuwa na akili ya kujua. Mama ndiye aliyejua. Aliniambia mimi ni wa mwenye boma, nikamwamini, nikakaa hapa. Sasa mama ni wewe. Ukiniambia mimi ni wa mzungu, natia sahihi saa hii, na watoto wa wale wakija na kesi nitawaambia mama yangu amesema. Sema. Mimi ni mtoto wa nani?"

Sijui kama nimewahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia baba dakika ile. Nilitaka akatae. Nilitaka achane karatasi, anifukuze, ili maisha yangu yote niseme ningefika mbali kama si baba. Alinikatalia hata hilo. Kalamu ilikuwa imegusa karatasi na kuacha nukta ya wino, na mkono wake ulikuwa umetulia kabisa.

Saruji ya kaburi la marehemu imepasuka katikati na majani yameota kwenye ufa. Sikumjua mtu yule. Hata nyanya aliishi naye miaka michache tu. Kitu pekee alichotufanyia ni kufa na kuacha nafasi, na katika nafasi hiyo baba yangu akapata jina, ardhi, mke, watoto, na mahali pa kupigia mluzi.

"Wa huyu," nikasema, nikaonyesha kwa kidole.

"Sema vizuri."

Nikaenda mpaka kwenye kaburi, nikaweka kiganja juu ya saruji. Ilikuwa imeshaanza kupata moto. "Mtoto ni wa huyu," nikasema, na sauti ilinitoka kwa ghadhabu, kama mtu anayelazimishwa kukiri.

Baba akafunika kalamu akanirudishia. Karatasi aliikunja mara nne akaitia mfukoni mwake, akavaa kofia, akachukua jembe. Baada ya muda akaniambia nguzo haziwezi kusimama zenyewe, nimshikie. Nikamshikia mpaka saa sita.

Ireland niliwaandikia mistari miwili kwamba sitaendelea na ombi. Walinishukuru, wakanitakia siku njema. Bado nafundisha. Yule mkuu wa idara amenipa kidato cha pili chote muhula huu, na hasira yangu iko palepale, sikusudii kumdanganya mtu kwamba imekwisha. Kila nikiingia maabara naikuta.

Barua ya mzungu sikuirudisha Rangwe. Iko kwenye droo yangu pamoja na cheti chake safi chenye muhuri, na juzi niliitoa nikasoma tena mstari wa nne, pale anapouliza kama mtoto amekua mguu. Amekua. Ana zaidi ya miaka sitini, anavaa gambuti nyeusi zilizotobolewa na miwa, na mguu wa kulia huingiza maji mvua ikinyesha. Nilimpima mwezi uliopita, juu ya karatasi ya mtihani, akiwa amesimama barazani ananicheka. Viatu nilimnunulia Migori, na vimemtosha.